Baba Alilala Barazani

Nyumba tuliyopewa na kiwanda cha sukari kule Uganda ilikuwa na vyumba viwili chini ya paa moja la mabati. Cha mbele tulikiita sebule, cha nyuma tulilala, na jiko lilikuwa pembe tu ya sebule, karibu na dirisha. Nilikuwa karani, nimemaliza sekondari, nina mke na watoto wawili wadogo. Nyumba ile ilinipa fahari kubwa. Sakafu ya saruji! Kwetu Magwagwa, ng'ambo ya mpaka, katika miaka hiyo ya sitini, wenye sakafu ya saruji ungewataja mmoja mmoja.

Miezi ya kwanza ilimlemea mke wangu kuliko mimi. Mimi nilikuwa na ofisi. Yeye alikuwa na soko ambalo hakujua lugha yake. Kiswahili chake cha shule, ambacho hata kwetu alikitumia dukani tu, kule kilihesabiwa kuwa lugha ya askari. Akikizungumza, wauza ndizi walinyamaza wakamtazama. Alitafuta unga wa wimbi akaukosa, akajifunza kupika matoke. Binti yetu alianza kucheka na watoto wa jirani kwa lugha yao kabla sisi hatujajua wanacheka nini.

Kisha nikamleta baba.

Mama alikuwa ameshafariki, dada zangu wameolewa, na mwana wa kiume nilikuwa mimi peke yangu. Sikutaka watu waseme nimemwacha mzee alishwe na majirani. Nilienda likizo nikamfungia mizigo. Nyumba yake ya udongo nilimwambia binamu yangu aibomoe, achukue mlango na nguzo, kwani niliamini hatairudia. Baba alizitazama nguzo zikibebwa.

"Huko kuna nyumba?" aliniuliza.

"Iko, Tata. Tena ya mabati."

Tulifika alasiri. Alisimama nje na fimbo yake, akaitazama nyumba, akachungulia na nyuma yake.

"Hii ni yako," alisema. "Yangu ni ipi?"

"Ni hii hii. Tutakaa sote."

Alicheka, akidhani namtania. Alipoona sicheki, akaketi kwenye ngazi ya baraza.

Kwetu, baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Haoni kitanda cha mkaza mwana, naye mkaza mwana haingii kwake wala hakai mbele yake ovyo ovyo. Hiyo tunaiita chinsoni. Si chuki, ni heshima, na kwa wawili hao ndiyo namna yao ya kupendana. Nyumbani haikumsumbua mtu: mzee ana nyumba yake, mwana ana yake, uwanja uko katikati. Nilijua hayo tangu utotoni. Nilidhani tumeyaacha upande ule wa mpaka, pamoja na nguzo.

Baba alilala barazani, na kesho yake tena barazani. Mke wangu alimpelekea chakula kwa mkono wa binti yetu, mwenyewe akiwa nyuma ya mlango.

"Mwambie babu uji una moto, asijiunguze."

"Mwambie mama ahsante. Mwambie uji wake ni kama wa marehemu bibi yako, ila bibi yako hakuwa bahili wa sukari."

Nilimsikia mke wangu akicheka kule ndani. Walizungumza hivyo kila siku, mlango ukiwa kati yao, nami nikiona ni mchezo wa kitoto.

"Baba watoto," mke wangu aliniambia, "nyuma ya bomba la maji kuna nafasi. Jirani anasema nyasi za kuezekea zimejaa bondeni, ni kukata tu. Mjengee babako kibanda."

"Kibanda cha nyasi? Nyuma ya nyumba ya karani?"

"Anaumwa na mbu."

"Akichoka na mbu ataingia."

Hakuingia. Watu wa kiwandani wakaanza kuzoea kumwona pale, amejifunika blanketi asubuhi. "Karani," mmoja aliniita langoni, "umemwajiri mzee wako kuwa bawabu? Na likizo unampa?" Wengine wakaangua kicheko. Nilicheka nao, lakini moyoni nilikuwa nawaka.

Jumapili moja mvua ilikuja kwa mshazari, ikalilowesha baraza lote. Baba alijikunyata chini ya gunia. Majirani walikuwa milangoni mwao wakitazama, na mimi niliwaona wakitazama. Nikatoka, nikamshika mkono.

"Acha, mwanangu," alisema. "Acha."

Nilimvuta. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Mke wangu alikuwa sebuleni akimnyonyesha mtoto, leso imemshuka kiunoni, kichwa wazi. Waliangaliana kwa muda mfupi sana. Yeye akakimbilia chumbani. Baba akajifunika uso kwa kofia, akasimama pembeni akiuelekea ukuta, maji yakimdondoka kwenye saruji yangu, mpaka mvua ilipokatika.

Tangu siku hiyo salamu za mlangoni zilikoma. Nyumbani wazee wangejua la kufanya ili aibu ile iondoke. Kule hapakuwa na mzee wa kumwendea. Baba alikataa chakula kilichotoka katika sufuria ya mke wangu. Akala ndizi mbivu alizopewa na majirani. Mke wangu aliosha sahani ambazo hazikuguswa, akilia.

"Nirudishe," baba aliniambia.

"Kwenye nyumba ipi?" nikamjibu.

Alinitazama kama anayejaribu kukumbuka alikoniona.

Siku chache baadaye nilitoka kazini nikakuta baraza tupu. Alikuwa ameondoka na dereva wa lori, mtu wa kwetu kutoka Nyansiongo. Mke wangu alijua. Alikuwa amefunga viazi vitamu katika jani la mgomba, binti akavipeleka. "Alivipokea," aliniambia.

Habari zilitufikia wakati wa mavuno ya wimbi. Baba alikuwa akilala katika ghala la binamu yangu, kati ya magunia, na kifua kilimbana huko huko mpaka akafa. Tulipofika, mwili ulikuwa bado ghalani, na wazee wameketi nje kwenye magogo. Hakuna aliyenilaumu. Mmoja wao alisema tu, "Mzee hatolewi ghalani kwenda kaburini kama mgeni. Atatoka katika nyumba yake. Jenga."

Wanaume walikata miti, wengine wakaleta nyasi. Binamu yangu alirudisha mlango ule ule. "Karani, hiyo ni kamba, si kalamu!" walinitania kutoka juu ya paa. Mke wangu alikanda udongo na wanawake wenzake, akasiliba kuta mpaka vidole vikapasuka. Tulianza asubuhi, na jua lilipoanza kushuka nyumba ilikuwa imesimama. Ya miti, udongo na nyasi. Ilituchukua siku moja.

Tulimwingiza baba, watu wakaingia kuomboleza. Mke wangu alibaki nje, mikono bado ina udongo.

"Ingia," nilimwambia. "Kuna baridi."

"Hii ni nyumba ya baba yako," alisema.

Akaketi chini kando ya ukuta mbichi, akabaki hapo mpaka tulipomtoa baba kwenda kumzika.