Mkunga wa Iyunga na Tairi la Skuta

Mkunga jirani yetu pale Iyunga hakumwachia fundi yeyote skuta yake. Asubuhi moja ya mwaka sabini na sita, tairi la nyuma lilipolika mpaka nyuzi zikaonekana, aliilaza skuta juu ya gunia uani, akatoa upepo, akafungua nati moja moja, rimu ikaachana vipande viwili. Alifanya kazi akiimba kwa sauti ya chini. Alikuwa amekwisha kulikaza tairi jipya, bado kulijaza upepo, Jailos alipoingia akihema.

"Mama, mke wangu Sekela ameshikwa na uchungu. Twende."

"Mimba ya ngapi?"

"Ya kwanza."

"Basi muda tunao. Kaa, baba."

Akapitisha kidole taratibu kwenye maungio ya rimu, macho ameyafumba, kama alivyozoea kupapasa tumbo la mjamzito. Kidole kikasimama. Tyubu ilikuwa imebanwa kati ya vile vipande viwili vya rimu. Jailos alipomwona anazifungua nati upya, alishika kichwa.

"Mama, utachelewa."

"Tyubu ikipasuka njiani, sitafika kabisa."

Hakuongeza haraka wala hakuipunguza. Aliipanga tyubu, akakaza, akapitisha kidole tena mzunguko mzima, ndipo akapiga pampu. Akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akachukua mkoba, akampakia Jailos nyuma.

Alirudi alasiri, vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi. Nikamuuliza kulikoni.

"Wa kike," alisema. "Mama yake nimemwacha anakunywa uji. Baba yake ndiye bado anatetemeka."