Mukono Yenye Ilibakia Inje ya Maji

Diakre Alphonse alisema mukono yangu ya kuume iko mupagano. Alisema mbele ya kanisa nzima, siku ya Mungu, na miye nimefunga kitambaa mupya ku kichwa. Sasa alishakufa, batu banamulilia, banasema alikuwa mutakatifu. Bon, balie. Miye nitasema venye alikuwa, sababu ile neno nililala nayo, nikaamuka nayo, mpaka meno ikanitoka.

Alikuwa mutoto ya Isangi. Baba yake alikuwa muvuvi, lakini yeye aliogopa maji, njo akakuya huku Kisangani kushona nguo. Alikuwa anashonea bakubwa ya Parti, chama ya serikali, abacost, ile koti yao ya bila kravate, na alijua kushona, siwezi kumunyima ile. Mashini yake ilikuwa ku veranda, Biblia wazi juu ya mashini. Anakanyaga, anasoma. Abacost moja ilitoka na mukono murefu huku, mufupi kule. Mwenyewe alipolalamika, Alphonse akamujibu: "Papa, nilikuwa ndani ya Waroma sura ya nane. Nani anaweza kusimama pale?"

Siku moja akamaliza Matendo ya Mitume, akasema kanisa yetu inapaswa kuwa sawa kanisa ya kwanza, neno kwa neno. Mitume balisali ku chumba ya juu, alors na sisi juu. Étage, nyumba ya gorofa, ku quartier yetu ilikuwa moja tu, ya Mumbere, mucommerçant ya Butembo, na ilikuwa haijaisha. Hakuna paa, hakuna ngazi. Bamama bote tulipanda na miti ya bafundi, bikwembe ku kiuno. Mumbere, ye mukatoliki, anasimama chini anatuitia:

"Bamama, mitume balikuwa na paa!"

Mvua ikatunyeshea. Alphonse akasema ni Roho anashuka. Roho alinipa kikohozi.

Sasa mukono yangu. Nilibatizwa ku muto Tshopo, wakati Parti ilikatazaka majina ya bazungu. Ku njia nilikuwa Citoyenne, raia tu, ndani ya kanisa tu nilikuwa Agathe. Ubatizo yenye ilitangulia, bezi baliiba nguo zote kandokando ya maji, batakatifu bakarudia mu quartier na majani. Basi sikuacha karte yangu ya Parti chini. Bila karte, basoda ya kambi ya Kapalata banakufunga njia ku barrière mpaka jua inaingia. Nikaishika juu. Pasteur Évariste, muzee mupole, akanizamisha: kichwa, mabega, tumbo, yote. Mukono ikabaki inje na karte, sawa bendera.

Alphonse alikuwa anasimama mbali na maji. Akapiga kelele:

"Mukono haikuingia!"

"Nitamuzamisha tena," Pasteur akasema.

"Hapana! Imeandikwa ubatizo ni moja. Ukirudilia, itakuwa mbili."

"Alors, tuzamishe mukono peke yake," miye nikasema.

"Mama Agathe, uko na andiko ya ubatizo ya mukono?"

Sikuwa nayo. Nani iko nayo? Basi ikabaki vile: Agathe iko mukristo, mukono yake iko mupagano, na dawa haiko. Siku ya Mungu akatangaza: ku Meza ya Bwana, Mama Agathe atapokea mukate na mukono ya kushoto. Ya kushoto! Ile yenye nilisafishia batoto nane! Nikakataa. Toka siku ile, sahani ikafika ku Colette, ikanipita, ikafika ku Florentine. Hata Florentine alikula, na Florentine tunamujua. Pasteur alikuwa anaangalia chini. Aliogopa diakre kuliko Shetani.

Haikuishia pale. Ku soko, bamama ya kanisa balikataa pondu yangu, majani ya muhogo, eti niliitwanga na ile mukono. Nilipopeleka kitambaa kwa Alphonse anishonee libaya, blauzi ya kuvalia kikwembe, akaweka maua ku mukono ya kushoto, ya kuume akaiacha kavu, bila maua. Nikamuuliza sababu.

"Mama, siwezi kupamba kipagano."

Nikaivaa. Nilikuwa nimeshalipa.

Miaka ikapita, hata karte yenyewe ikaoza. Njo siku moja ya ubatizo Pasteur alishikwa na homa, na diakre akapaswa kuingia ndani ya maji yeye mwenyewe. Aliingia na abacost, Biblia juu ya kichwa. Miye niliketi peke yangu juu ya jiwe, chini kidogo, kule maji inaelekea. Akarudi nyuma hatua moja, muchanga ikaisha. Abacost ikavimba sawa puto, muto ikamubeba. Chorale balikuwa banaimba kandokando ya maji, balizania ni kitu ingine ya kanisa ya kwanza. Bakaongeza sauti.

Akashika muzizi chini ya jiwe yangu. Mukono moja ku muzizi, ingine inje na Biblia.

"Mama Agathe! Mukono! Nipe mukono!"

"Gani, Papa Diakre?"

"Yoyote!"

"Ya kushoto inashika jiwe. Iko ile ya mupagano tu."

Akazama. Akatoka.

"Papa, ubatizo si moja? Hii ya leo ni ya ngapi?"

"Mukono iko muzuri!"

"Sema na nguvu, chorale habasikii."

"Mukono ya Mama Agathe iko ya kanisa!"

Chorale bakageuka kutuangalia. Nikamuvuta na ya kuume, na libaya yake ya bila maua, mpaka juu ya jiwe. Alitapika maji. Biblia ilikuwa kavu, na mukono yenye iliishika ilikuwa kavu pia mpaka ku kiwiko. Nikaiangalia. Naye akaiangalia. Hakuna mutu aliuliza andiko.

Siku ya Mungu yenye ilifuata, alitwaa sahani yeye mwenyewe. Akapita Colette, akasimama mbele yangu. Nikanyoosha mukono ya kuume. Akaweka mukate pale. Ilikuwa kipande kidogo sana.

Sikufunga mukono. Nikaiacha wazi, namuangalia tu, kanisa nzima inangojea, Florentine anakohoa, mpaka Diakre Alphonse akaongeza kipande ya pili.