Kibao Kilichopungua Herufi Tatu

Kosa lilikuwa langu, na niliseme mapema kabla sijaanza kujipamba. Mimi ndiye mwandika mabango wa manispaa. Walipomaliza kuchimba bwawa katikati ya bustani na kulimwagia kingoni mchanga wa malori ili liitwe ufukwe, nilipewa ubao niandike: KUOGELEA NI BURE. Ubao ukawa mfupi. Nikapunguza herufi tatu tu, ikawa KUOGA NI BURE. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikaona umependeza.

Mabomba ya mtaani yalikuwa makavu wiki ile, kama kawaida yake. Jumamosi asubuhi watu walifika na ndoo, madodoki na miche ya sabuni. Mzee mmoja alijipaka povu kuanzia utosini, kisha akaanza kutafuta wa kumsugua mgongo.

Aliyebebeshwa mzigo wa herufi zangu ni mlinzi wa ufukwe, baba wa watoto watatu, kibarua aliyekuwa akisubiri mkataba wa kudumu. Kutwa alipuliza filimbi. "Jamani, hapa ni kuogelea, siyo kuoga!" Watu wakamwonyesha kibao. Alifoka mpaka wakamwita Povu, kwa lile la majini na lile la mdomoni.

Alinifuata karakana. "Kaka, nirekebishie kile kibao, kibarua changu kitaota nyasi."

Nikamwambia nasubiri idhini. Uongo mtupu. Sikuwa nimeiomba, maana kuomba ni sawa na kukiri.

Mkurugenzi wa bustani akatangaza kuja Ijumaa. Akikuta povu hata la kunawia mikono, Povu asahau mkataba. Siku hiyo Povu alisimama langoni tangu alfajiri akikusanya sabuni, meza ikajaa utadhani kafungua duka. Mkurugenzi alipofika na suti yake na mpiga picha wake, watu walikuwa wanaogelea vizuri kama kwenye kalenda. Akatabasamu. Nami nilikuwepo, nimeitwa kushika ngazi ya mpiga picha.

Hapo akatokea mama mkwe wa Povu, ndoo mkononi, taulo begani.

"Shikamoo, mama," Povu akasema.

"Marahaba, baba. Nyumbani maji hakuna, leo siku ya nne. Mkeo kaniambia huku kwako kuoga ni bure. Wanawake wanaogea wapi?"

Mkurugenzi akanong'ona, "Mtoe huyo bibi."

Nilitaka kusema. Nikaendelea kushika ngazi. Povu alimtazama mama yule, akaitazama ile suti, kisha akachukua sabuni moja mezani na kumkabidhi kwa mikono miwili.

"Pale nyuma ya vichaka, mama. Pametulia." Akamgeukia Mkurugenzi. "Mheshimiwa, hebu soma kibao."

Mkurugenzi alikisoma polepole, midomo ikimcheza. Akatoa amri mbili palepale: Povu avue sare, kibao kibadilishwe.

Jumatatu nilipewa ubao mrefu, nikaandika herufi zote nane za KUOGELEA. Povu alikuja kurudisha filimbi, akasimama chini ya ngazi yangu, akasoma.

"Kumbe nafasi ilikuwepo," akasema, akaenda zake.

Niliona aibu, na bado naiona. Mkurugenzi aliusifu mwandiko. Hakuna aliyeuliza nani aliandika kile cha kwanza, nami sikujitaja. Mimi ni mwajiriwa wa kudumu.