Vidonge Viwili Nilivyompa Mama Mkwe

Daktari alinikanya: kidonge kimoja wakati wa kulala, usichanganye na pombe, usimpe mtu mwingine. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, kama tunavyoitikia wote. Mume wangu alikuwa amefariki miezi mitatu nyuma, na usingizi nilikuwa nimeusahau.

Sasa, kwetu Matiri huli kitu peke yako. Mama mkwe, niliyeishi naye nyumba moja, naye alikuwa halali. Moyo ulimwenda mbio, alisema, kama anafukuzwa. Aliyekufa ni mwanawe, jamani, ningemnyima vipi? Asubuhi ya ngokela, ile siku majirani wanapokuja kukulimia kisha unawanywesha pombe, alikuwa amekesha tena. Nikampa viwili. Viwili! Nilijifanya daktari.

Pombe sikuiwaza kabisa, maana mama hakuwa mnywaji. Lakini mwenye pombe, na siku hiyo ndiye yeye, lazima aionje mbele ya watu, wajue haina sumu. Siku hiyo ndoo zilikuwa tano, na kila ilipofunguliwa moja wazee walidai anywe hasa, asiguse tu kwa mdomo.

Alasiri alikuwa ameegemea ukuta, kinywa wazi. Watu wakacheka. "Leo mama kapatikana!" Shemeji yangu akasema aachwe alale, msiba umemchosha. Nikamsogelea. Alivuta pumzi. Nikasubiri nyingine. Nikasubiri. Ikaja, ndogo, yenye mkoromo. Nikamtikisa, "Mama! Mama!" Hakufumbua jicho.

Kilichokuwa tumboni mwake nilikijua mimi peke yangu. Na nitasema ukweli: nilinyamaza. Niliogopa mno. Mjane kumpa dawa mama wa marehemu, watu watasemaje? Si wataanza kuuliza hata mume wangu alikufaje? Pumzi iliyofuata ilichelewa zaidi, na midomo yake ikaanza kubadilika rangi.

"Nimempa dawa!" nikapiga kelele. "Nimempa dawa yangu ya usingizi, mama anakufa!"

Hakuna aliyecheka tena. Tukampakia kwenye pikapu ya jirani, amelala ubavu, kichwa mapajani mwangu, mimi nahesabu pumzi na kusali kwa Mama Maria. Shemeji hakunitazama njia nzima. Zahanatini sikusubiri kuulizwa. Nilimpa nesi pakiti, nikamwambia viwili, asubuhi, na pombe tangu saa saba. Akamwekea oksijeni, akaita gari la wagonjwa.

Alizinduka siku ya pili, hospitalini Mbinga. Nilipiga magoti kando ya kitanda. "Shikamoo mama. Nisamehe." Akanishika mkono, akanivuta karibu ili shemeji asisikie. Nikajua sasa ananilaani.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "sijalala vile tangu tumzike. Umebakiza vingapi?"