Siku Tuliyokwenda Kuona Kwao Wapanda Ukoka

Mimi ukoka nimeung'oa tangu nikiwa msichana. Ukiuacha kwenye maharage, unakula shamba lote. Kwa hiyo kijana mmoja alipokuja kijijini kwetu Kibimba, huku Ngara, na viatu vilivyochongoka, akasema kuna watu wanalipa wapandiwe ukoka, umwagiliwe maji, halafu ukirefuka ukatwe na kutupwa, nilicheka mpaka nikakaa chini. Ukoka ambao hata mbuzi haruhusiwi kuugusa! Lakini nilicheka peke yangu. Wanaume wa pale, watu wazima wenye ndevu, walikuwa wanatazama viatu.

Alisema yeye ni wakala wa kutengeneza bustani za nyumba za wageni na za matajiri upande wa Biharamulo. Anataka wasichana, maana wana mikono laini kwa maua. Chakula bure, kulala bure, nauli bure. Kwa watu wanaopenda bure, alikuwa amefika penyewe.

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, ambaye nimemlea mimi, alikuwa amemaliza kidato cha nne na anakaa nyumbani. Alitaka kuondoka siku ile ile.

"Kitambulisho chake nitamtunzia mimi," wakala akasema. "Wasichana wanapoteza vitu. Na simu pia, kazini inasumbua."

"Na wewe chako anakutunzia nani?"

"Ah, bibi bwana!"

Shikamoo hakuwa amenipa. Nikamwambia kwetu binti hachukuliwi kabla watu wake hawajaenda kuona kwao huyo anayemchukua.

"Bibi, mimi siji kuoa. Natoa ajira."

"Anayeoa anachukua mmoja, na ukoo wake unajulikana. Wewe unataka kundi zima, na sijui hata mama yako anapika wapi. Tutakuja kuona."

Watu wakacheka. Shemeji yangu akasema, "Shemeji, utatufukuzia bahati."

"Bahati gani hiyo inayokimbia kikongwe mwenye fimbo?"

Mjukuu wangu alinuna. "Unaniaibisha, bibi." Nikamwambia aibu haijaua mtu. Afunge mzigo wake twende wote. Akipapenda, abaki, sitamshika nguo.

Tukapanda basi hadi Biharamulo. Mahali penyewe, kwa mbele, pazuri, siwezi kudanganya. Maua ya kila rangi, ukoka umelala kama mkeka. Wakala akatuletea soda na viti vya plastiki, anataka tukae hapo hapo tusifie. Lakini mtu anayekwenda kuona kwao hatazami sebule. Viti kila mtu anaazima. Unatazama jiko, choo na mahali pa kulala. Nikashika fimbo nikazunguka nyuma.

"Bibi, huko kuna tope!"

"Nimezaliwa kwenye tope."

Nyuma kulikuwa na banda la mabati, na kufuli limening'inia kwenye mlango, upande wa nje. Nikauliza linafungia nini.

"Wezi, bibi. Tunawalinda wasichana."

"Anayejilinda na wezi anafungia ndani. Anayefungia nje anafuga kuku."

Kando ya banda kulikuwa na kitalu, na mwanamke kijana alikuwa amechuchumaa anajaza udongo kwenye viriba vya miche. Akanipa shikamoo, na kwa lafudhi nikajua ni mtu wa Burundi. Kirundi na Kihangaza chetu ni ndugu, tunasikilizana. Wakala hakuwa wa huku, hakijui hata kimoja. Nikamuuliza kwa Kihangaza soko la hapa ni siku gani, nataka kununua chumvi kabla ya kurudi.

Mikono yake ikasimama. Akasema hajui. Nikamuuliza amekaa hapa kiasi gani. Akasema mahindi ya jirani nyuma ya ukuta yamevunwa mara mbili. Mtu anakaa mahali mavuno mawili, hajui siku ya soko?

Akarudi kujaza udongo na akasema yote bila kuinua macho. Geti halipitiki bila ruhusa ya wakala. Simu anayo wakala, karatasi zao anazo wakala. Aliwahi kumwambia anaacha kazi, akajibiwa kwamba akitoka tu wataitwa uhamiaji. Mjukuu wangu alikuwa nyuma yangu, anasikia kila neno.

"Mnaongea nini?" wakala akauliza.

"Mahindi," nikasema.

"Basi bibi, umeridhika. Binti abaki, godoro lipo."

Nilikuwa nimeahidi kwamba atachagua mwenyewe, kwa hiyo nikafunga mdomo, na mdomo wangu haujazoea. Mjukuu wangu akamtazama.

"Nikitaka kuacha kazi Jumatatu, nani atanifungulia geti?"

"Unafikiria kuacha na hujaanza?"

"Nijibu kwanza."

Wakala akatazama viatu vyake. Mjukuu wangu akabeba mzigo wake, tukatoka, tukaenda moja kwa moja polisi. Kwenye dawati la jinsia askari wa kike alitusikiliza mpaka mwisho. Siku hiyo hiyo gari la polisi likaenda, nasi ndani, kufuli likafunguliwa, na yule mwanamke na wenzake wakatoka na nguo zao kwenye viroba. Baadaye alisindikizwa hadi mpakani akarudi kwao. Wakala alipotuona tumesimama pale na askari, shikamoo ikamjia. Nikaiacha ining'inie. Marahaba ni ya watu.

Tajiri mmoja mwenye nyumba ya wageni, ambaye wale wanawake walikuwa wakipelekwa kumtunzia bustani, alisema hakujua kitu, yeye alimlipa wakala. Anajua mbwa wake anakula nini. Anajua ukoka wake unataka maji asubuhi na jioni. Mtu anayeumwagilia mbele ya dirisha lake, hajui analala wapi! Na wale wenye ndevu wa kwetu, tuliporudi, wakasema walimshuku tangu mwanzo. Viatu vile walivishuku kwa kumeza mate.

Mjukuu wangu ndiye aliyenibana. "Umenizuia kwa wabaya, bibi, sawa. Wazuri wako wapi?" Dharau yangu haimlishi mtu.

Aliendelea kutafuta, akapata kazi kwa mama mmoja wa Ngara mjini anayetengeneza bustani. Anapanda ukoka ule ule, Mungu amsamehe. Kabla ya kuanza alikwenda mwenyewe kuangalia mahali pa kulala, hakungoja nimwambie. Jumamosi anarudi nyumbani na malalamiko: jua kali, toroli bovu, bosi ana kelele kama kanga. Juzi yule mama alimpigia simu akimtaka Jumapili, naye akamjibu haji, Jumapili ni yake, na mama akiendelea hivyo yeye anaacha kazi. Kule mama akafoka, huku mjukuu wangu akafoka.

Nilikuwa namenya ndizi. Nikaendelea kumenya.