Maji ya Jabia la Bimdogo

Zaituni alikuwa akipika anjera, mikate ya maji ya Kisomali, jikoni kwake Kismayo simu ilipolia. Aliyepiga alikuwa Tahir wa kisiwani Chovae, na Tahir hakuwa mtu wa kupiga simu. Yeye hutuma jumbe za sauti tu, tena kwa watu mia kwa mpigo mmoja. Zaituni alipoona jina lake likiita, aliiacha anjera juu ya chuma, akapokea.

"Zaituni, umekaa?"

"Sema, Tahir."

"Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Shangazi yako, baada ya alfajiri. Jirani yake Mulki amemkuta kwenye mswala."

Anjera ikaungua pale pale. Zaituni alizima moto, akauliza swali la kila mfiwa aliye mbali: mtaningoja?

"Tutakungoja. Lakini fanya haraka. Watu wanagombana hapa, hawajakubaliana maji ya kumwoshea."

Kabla ya kutoka alichukua kitu kimoja juu ya friji, paketi ya vidonge vya presha iliyokuwa imekaa pale siku kumi na mbili. Hakujua anaibebea nini. Aliitia mkobani, akajitanda buibui, akashuka pwani kumtafuta Hussni mwenye mashua ya mashine.

Bahari siku hiyo ilikuwa imelala kama mafuta kwenye sinia. Maji ya Mto Juba yalikuwa yameingia mbali sana, mekundu, yakielea juu ya maji ya chumvi bila kuchanganyika nayo, na juu yake vilipita vitu vya watu: mgomba na mkungu wake, godoro, kisha mlango mzima wa mbao, kufuli lingali limefungwa. Hussni alipunguza mashine asiugonge. Wote wawili wakautazama ukipita polepole, kama unaotafuta nyumba.

"Umeona?" Hussni alisema kwa sauti ndogo. "Hakuna ndege. Tangu ile mvua sijaona hata shakwe mmoja."

"Endesha, Hussni."

"Naendesha. Nimesema tu."

Bimdogo binti Abubakar alizaliwa Chovae, na ukiondoa miaka saba aliyokaa kambini upande wa Kenya vita vilipoanza, hakupata kulala mbali na jabia. Jabia ni birika kubwa lililochimbwa ardhini na kujengwa kwa mawe ya matumbawe. Kando yake kuna sakafu pana ya chokaa inayokinga mvua na kuiteremsha ndani kupitia tundu moja. Visima vya Chovae vina chumvi, ukitia maji yake kwenye maziwa, yanakatika. Anayekunywa maji matamu pale hunywa ya jabia, na jabia lina mlinzi. Alikuwa bibi yake, kisha mama yake, kisha yeye. Mume alikuwa naye zamani, akafariki, mtoto hakujaliwa. Zaituni alipobaki bila mama, Bimdogo alimchukua, akamlea, akasuka mikeka mpaka msichana akamaliza sekondari Kismayo.

Kazi yake hasa ilikuwa kufagia. Aliifagia ile sakafu kila siku ya Mungu, hata ile miaka mitatu mvua ilipokatika kabisa na watu wakawa wanamcheka.

"Bimdogo, unamfagilia nani?"

"Namfagilia mgeni. Nyinyi kwenu mgeni akija mnamkalisha juu ya mavi ya mbuzi?"

Mvua ilipokuja aliziba tundu kwa jiwe lililofungwa kitambaa, akaacha maji ya kwanza yaoshe sakafu na kumwagika nje. Kisha alisoma Fatiha, akaondoa jiwe. Maji yakishaingia hayaguswi siku saba, ili yatulie. Siku ya saba mlinzi huteka kata ya kwanza, huinywa mbele ya watu, na siku tatu zaidi hupita kabla mtu mwingine hajaonja. Ndivyo walivyorithi, na hakuna aliyekumbuka sababu yake.

Mvua ya mwaka huu ilikuja mwezi wa Rajabu, wakati ambao si wake. Ilianza adhuhuri, jua likionekana. Haikuwa na ngurumo wala upepo. Ilishuka wima, vuguvugu, kimya, siku mbili mfululizo, na mbingu muda wote ilikuwa rangi ya shaba. Siku ya pili bahari ilipanda bila mawimbi, ikaingia visimani, ikarudi zake. Kaa wa pwani walitoka mashimoni wakapanda kuta za nyumba, wakatulia huko, wote wameelekea bara. Mulki alihesabu arubaini kwenye ukuta wake mmoja. Ukiwapigia makofi hawakukimbia.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kila baada ya swala ya alasiri watu walikaa kwenye baraza ya msikiti, na Tahir akafungulia simu yake. Zilikuja sauti za Mombasa, za London, za watu wasiojulikana walipo. Mmoja alisema ni ndege za nchi tajiri zinazomwaga dawa mawinguni. Mwingine alisema ni meli za kutafuta mafuta, zimetoboa chini ya bahari na joto limetoka. Wa tatu, aliyejiita daktari, alisema mvua hiyo imetengenezwa kiwandani, na atakayeinywa hamalizi siku kumi. Mwalimu Yusuf wa chuo cha Kurani, ambaye ni mtoto wa dada yake Bimdogo, alibisha. Alisema dunia imepata joto, wataalamu wamelisema jambo hilo miaka mingi, na bahari iliyopata joto hutoa mvua isiyojua msimu. Na yote hayo yako chini ya amri ya Mungu. Wakamwambia naye anasema kama redio.

Bimdogo alipita na ufagio wake.

"Tahir, huyo daktari wako anajua kutengeneza mvua?"

"Ndivyo anavyosema, Bi."

"Basi ile miaka mitatu alikuwa amekwenda wapi? Harusini?"

Baraza nzima ikacheka. Akaongeza, "Mvua ina Mwenyewe. Mimi ni wa kufagia tu."

Siku ya saba aliinywa kata yake, mbele ya watu wachache kuliko kawaida. Alijifuta mdomo kwa ncha ya mtandio, akasema maji ni matamu. Siku ya kumi tangu mvua ikatike akafa. Ile sauti ilikuwa imesema kumi, hakuna aliyeuliza zihesabiwe kutoka lini, na hesabu iliingia kama ufunguo kwenye tundu lake.

Mashua ilifika Chovae adhuhuri imepita. Kaa bado walikuwa ukutani. Bimdogo alikuwa amelazwa kitandani mwake, amefunikwa kanga mbili, na nje ya mlango Zuleikha, mwosha maiti, alikuwa ameketi na beseni la majani ya mkunazi. Majani yalikuwa makavu. Hakuwa ameletewa maji.

Wanaume walikuwa wamesimama uani.

"Maji ya bahari ni tohara," Tahir alikuwa akisema. "Muulizeni Mwalimu."

"Ni tohara," Yusuf alijibu. "Hilo silibishi. Lakini wewe hutafuti tohara, unaogopa. Ukishamwosha kwa bahari, kesho utataka jabia lifukiwe."

"Kesho ya nini? Leo! Kwa mchanga! Amekunywa, amekufa. Siku ya kumi, Yusuf. Mnataka nini tena, barua?"

Zaituni alisimama kizingitini. Alielewa sasa alichoitiwa. Shangazi yake akioshwa kwa bahari, angeingia kaburini akiwa mlinzi aliyewawekea watu sumu, na kazi ya maisha yake ingefukiwa siku moja naye. Alitoa ile paketi mkobani, akainyanyua waione.

"Shangazi yangu ana presha mwaka wa tisa huu. Vidonge vyake vilikwisha kabla ya mvua. Hivi hapa. Nilivinunua mimi, vikakaa juu ya friji yangu. Mvua ilipokatika, siku ya tano Hussni alileta mashua huku. Mimi sikushuka pwani kumpa, kwa sababu nilisikia sauti kwamba siku hiyo kuna wimbi linaletwa. Nilipanda darini na wanangu, tukalingoja wimbi mpaka magharibi." Akamgeukia Tahir. "Sauti ulinitumia wewe, Tahir. Lakini aliyeiamini ni mimi."

Tahir aliitazama simu yake kama si yake. Hakuwa mtu mbaya. Aliyoyasambaza, mwenyewe aliyaogopa kuliko wote.

"Pole, Zaituni," akasema. "Wallahi pole. Lakini presha haikatai sumu. Vyaweza kuwa vyote viwili."

Ndipo Mulki alipotoka chumbani alimokuwa akisoma Yasini, akasimama nyuma ya Zaituni.

"Mimi nimeyanywa."

"Umekunywa nini?" Tahir akauliza.

"Ya jabia. Tangu siku ya pili. Mimi na wanangu wanne na mama mkwe wangu. Kila siku mpaka leo."

Minong'ono ikapita uani. Kuyagusa maji kabla ya mlinzi ni jambo ambalo Chovae hata mwizi halifanyi.

"Mchu mzima!" mzee mmoja akafoka kwa Kibajuni. "Huoni haya?"

"Naona. Lakini watoto walikuwa wakitapika maji ya kisima, ningefanyaje? Niliiba. Siku ya tatu Bimdogo mwenyewe alinikuta na ndoo mkononi."

"Akasemaje?" Zuleikha aliuliza.

"Akasema, funika vizuri, paka asitumbukie." Machozi yalikuwa yakimtoka Mulki. "Na kamba nikaianike ndani, watu wasije wakaiona ina maji."

Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo. Kutoka dirisha la nyumba ya pili sauti ya kikongwe, yule mama mkwe wa Mulki, ikapasua hewa: "Na mimi mwenyewe niko hai! Siku ya tisa leo nayanywa! Mwosheni mwenzangu, jua linashuka!"

Basi. Tahir akaiweka simu juu ya ukuta, akachukua ndoo mbili.

"Kunywa sitakunywa," akasema. "Lakini nitateka."

Zaituni alifuatana naye kumwonyesha kifuniko cha jabia kinavyoinuliwa, maana kina namna yake. Walipokisogeza, hewa baridi ilitoka, baridi isiyo ya pwani. Tahir akainama, akasema bismillahi. Chini pakawa kimya kwa kitambo kirefu kuliko inavyotakiwa, na ndipo bismillahi ikarudi, taratibu, kwa sauti nyembamba kidogo kuliko yake. Zaituni aliisikia pia. Hawakutazamana. Tahir akashusha ndoo ya kwanza, akaivuta imejaa, akashusha ya pili. Maji yalikuwa meupe, hayana harufu.

Walimwosha watatu: Zuleikha, Mulki na Zaituni. Mara ya kwanza kwa majani ya mkunazi, mara ya pili kwa maji matupu, mara ya tatu kwa maji yenye kafuri. Zaituni alimwaga maji kwa haraka, na Zuleikha akawa anamwambia taratibu, mwanangu, taratibu, huku upande wa kulia kwanza. Waliufuta mwili, wakamsuka nywele mikia mitatu, wakamvika nguo tano za sanda. Kabla uso haujafunikwa, Zaituni alimbusu kipaji cha uso. Alimwomba radhi kwa habari ya vidonge, kwa sauti ya kawaida, kama anavyoombwa mtu aliye hai. Kisha akasogea.

Wanaume waliingia, wakaliinua jeneza, wakatoka nalo wakisema la ilaha illallah. Zaituni hakwenda makaburini. Wanawake wa Chovae hawaendi. Alikaa mlangoni na wenzake mpaka sauti zilipopotea.

Yaliyobaki alielezwa na Yusuf. Walimswalia baada ya alasiri, safu tatu. Ardhi ilikuwa imeshiba maji, kaburi likawa linavuja kila walipochimba, wakalikausha kwa makopo na kutandika mchanga mkavu. Yusuf ndiye aliyeshuka kumpokea. Alimlaza ubavu wa kulia, uso ukaelekea kibla, wakapanga mbao, wakafukia. Akamsomea talakini, ya kumkumbusha majibu ya kaburini. Watu wakaomba dua, wakarudi, na magharibi ilipoadhiniwa Bimdogo alikuwa ameshazikwa, na habari ya kulifukia jabia haikutajwa tena.