Jina Waliloniita Watoto wa Shule

Siku ya kufunga shule nilivaa kitenge changu cha kanisani, nikatoka Mitunguu mapema kwenda Embu kumchukua binti yangu. Anasoma gredi ya tano katika shule ya viziwi. Wenzake waliponiona langoni walinyoosha kidole kuelekea chini, kwa nguvu, huku wakicheka. Nikadhani ni salamu. Nikawarudishia vivyo hivyo, na kichwa kikanivimba kidogo.

Nilipomwuliza mwalimu wake maana yake, alisita. Akanieleza kwamba viziwi hawahangaiki na jina la kitambulisho. Mtu hupewa jina la ishara kutokana na jambo analoonekana nalo sana. Lile lilikuwa jina langu, na aliyenipa ni binti yangu.

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Kidole hicho ndicho nilichomlea nacho: sufuria ile, osha, mbuzi yule, fungua, maji, lete. Nyumbani tunaongea Kimeru, yeye hakisikii, na ishara mimi sikujifunza. Nilikuwa nikisema migomba hainipi nafasi. Uongo mtupu, maana nafasi ya kwaya niliipata. Kiswahili amefundishwa kukisoma na kukiandika, lakini hata hicho sijawahi kumwandikia sentensi isiyo ya kazi.

Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Nikamwomba mwalimu anionyeshe namna ya kumwuliza mtoto anataka nini. Nikamwendea alipokuwa amesimama na rafiki yake na mama wa huyo rafiki, watu wa Gachoka, wote watatu wakiongea kwa mikono na kucheka. Nikauliza.

Binti yangu alinikazia macho, kisha mikono yake ikafunguka. Alieleza, akaeleza. Sikuambulia kitu, lakini yule mama alikuwa anatuangalia, nami sikutaka kuonekana mjinga mbele yake. Nikaitikia kwa kichwa, tena na tena, kama mtu anayefuata kila neno.

Akanirukia shingoni. Hajawahi kunikumbatia namna hiyo.

Mwalimu akasogea karibu. "Mama, amekuuliza kama anaweza enda na hawa Gachoka likizo yote, sababu huko kila mtu anaongea na yeye. Na wewe umekubali."

Binti yangu alikuwa bado amening'ang'ania. Mwalimu akaniuliza kwa sauti ya chini kama amwambie kwamba sikuelewa. Nikamwambia aache.